Kidole Kisichosikia Dawa

Somo la afya kwa familia na vikundi vya maombi
Masomo ya Biblia: Luka 6:6-10, 2 Wafalme 5:1-14, 2 Wafalme 20:1-7



Somo letu la leo linahusu jambo ambalo wengi huliona dogo mpaka litakapowafika wenyewe: kidole kinachovimba, kinachopwita usiku kucha na kutunga usaha. Wengi hukiita mdudu wa kidole. Tumezoea kwamba mtu mwenye kidole hicho huenda dukani, hununua vidonge vichache vya rangi mbili, humeza, na baada ya siku chache hurudi ziwani au shambani. Lakini siku hizi mara nyingi vidonge vinakwisha na kidole bado kinauma. Hapo watu husema, "Ugonjwa huu hausikii dawa." Msemo huo ni wa kweli kuliko tunavyodhani, na ni vizuri kila familia ijue maana yake, kwa sababu mtu anaweza kupoteza kidole, mkono, na hata uhai kwa jeraha lililoanza na mwiba wa samaki.

1. MKONO WA KUUME

Katika Luka 6 tunasoma habari za mtu aliyekuwa ndani ya sinagogi siku ya sabato, na mkono wake umepooza. Mathayo na Marko pia wanaandika habari hiyo, lakini Luka peke yake anataja kwamba ulikuwa mkono wa kuume. Luka ndiye ambaye Paulo anamwita tabibu katika Wakolosai 4:14. Tabibu anajua kuuliza: ni mkono upi? Mtu huyu anautumia kwa kazi gani? Watu wa nyumbani mwake wanakula nini?

Sisi tuliokimbia makwetu tunalielewa swali hilo. Mwishoni mwa Aprili 1972 damu ilipoanza kumwagika Rumonge na Nyanza-Lac, watu wengi wa mwambao walivuka kwenda Tanzania, na baadaye wakapelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Walikuta pori, wakaligeuza kuwa mashamba kwa jembe la mkono. Mwaka 1993 wengine wakakimbia. Mwaka 2015 makumi ya maelfu walirundikana Kagunga, kwenye ufuo mwembamba chini ya milima, mpaka meli ya Liemba ilipowachukua kwenda Kigoma. Ndugu zetu wa Kongo nao wamevuka ziwa na Mto Rusizi mara nyingi wakielekea Burundi. Tena miaka hii baada ya 2020 maji ya Tanganyika yamepanda na kuwatoa watu katika nyumba zao, Rumonge pia.

Kila safari watu waliacha nyumba, mitumbwi, nyavu na michikichi. Walichobeba bila kukosa ni mikono yao miwili. Kwa hiyo anayepuuza kidole kinachouma anaweka hatarini mali ya mwisho ya nyumba yake.

2. UGONJWA UNAINGIAJE?

Ngozi ni ukuta ambao Mungu ametujengea. Nje yake wako viumbe wadogo sana waitwao bakteria, ambao hawaonekani kwa macho. Mmoja anayehusika mara nyingi na usaha wa vidole anaitwa stafilokokasi. Karibu watu watatu kati ya kumi hukaa naye ndani ya pua bila kuumwa. Hana madhara mpaka apate mlango.

Kazi zetu zinafungua milango mingi. Mvuvi anayetoa samaki wavuni huchomwa na mapezi ya ngege na sangala, au na mwiba wa kambare. Mama anayeanika ndagala hukwaruzwa na mchanga na chumvi. Anayekata mikungu ya michikichi hupambana na miiba ya makuti. Mkulima hupata malengelenge ya mpini wa jembe, na anayefua kutwa nzima ngozi inayozunguka kucha hulainika na kupasuka. Watoto nao hutafuna kucha. Kuna na mlango wa aibu: anayempiga mwenzake ngumi ya mdomo na kuchanwa na meno. Kidonda hicho huonekana kidogo, kumbe jino limeingiza uchafu hadi ndani ya kiungo. Ni kati ya vidonda vya hatari kabisa vya mkono, na watu huchelewa kukionyesha kwa sababu ya haya.

Tuelewe pia jinsi kidole kilivyoumbwa. Ndani yake mna kamba ngumu ziitwazo kano, ndizo zinazokikunja. Kano hizo zimo ndani ya mfuko mwembamba, kama kisu kilivyo ndani ya ala. Usaha ukiingia katika ala hiyo hauna pa kutokea. Unabana kano, unazuia damu, na unaweza kuiua kano kwa muda mfupi. Kwa watu wengi ala ya kidole gumba na ya kidole cha mwisho hufika mpaka kwenye kifundo cha mkono, kwa hiyo jeraha la ncha ya kidole linaweza kushuka mpaka kiganjani.

3. SABABU TATU ZA KUTOSIKIA DAWA

Mtu akisema dawa haisikiki, kwanza tumuulize: ni kwa sababu ipi kati ya hizi tatu?

Sababu ya kwanza: dawa haikufika. Dawa inayomezwa husafiri ndani ya damu. Usaha uliofungwa ndani ya kidole hauna damu inayopita, hivyo dawa hupita kando yake kama maji yanavyozunguka jiwe. Usaha ukishakusanyika, tiba kubwa ni kuutoa kwa njia safi, mikononi mwa mganga. Mara nyingi kidole kilichotunga usaha kando ya kucha hupona kikipasuliwa vizuri na kusafishwa, hata bila vidonge. Lakini usaha ukiachwa ndani, hata dawa ya bei kubwa itashindwa.

Sababu ya pili: dawa siyo yake. Watu wengi wakisikia usaha hukimbilia amoksisilini au ampisilini. Lakini stafilokokasi walio wengi leo wana uwezo wa kuivunja dawa hiyo kabla haijawadhuru. Tena, katika maji ya maziwa na mito anaishi bakteria mwingine aitwaye aeromonasi, ambaye kwa asili yake haogopi ampisilini wala amoksisilini. Kwa hiyo mvuvi aliyejeruhiwa majini ni lazima amwambie mganga, "Niliumia ziwani." Neno hilo moja linaweza kubadili dawa atakayopewa. Kuna pia malengelenge madogo ya maji yanayojikusanya kwenye ncha ya kidole na kuuma sana, yanayoletwa na kirusi. Hayo hayatibiwi kwa dawa za bakteria, na kuyapasua kunaleta madhara.

Sababu ya tatu: bakteria amekuwa sugu. Hii ndiyo inayowatisha madaktari wa dunia nzima. Bakteria huzaana upesi, wengine kila baada ya nusu saa hivi. Katika kundi kubwa hutokea wachache wenye ngao dhidi ya dawa fulani. Dawa hiyo ikitumiwa, walio dhaifu hufa, wenye ngao hubaki na kujaza nafasi. Tena huweza kugawiana ngao hizo wao kwa wao. Ndiyo maana kila kidonge kinachomezwa bila sababu, kwa mafua au kwa uchovu tu, kinawachuja bakteria na kuwaacha wale wagumu. Atakayeumia ni wewe, au mtoto wako, au jirani mnayetumia naye taulo.

Mambo haya hayakuanza jana. Dawa ya penisilini iligunduliwa na Alexander Fleming mwaka 1928, alipokuwa akichunguza stafilokokasi huyu huyu. Februari 1941 huko Oxford, Uingereza, askari polisi aliyeitwa Albert Alexander, aliyekuwa amejaa majipu usoni, alipewa dawa hiyo mpya. Akaanza kupata nafuu. Lakini dawa ilikuwa kidogo mno. Walijaribu hata kuichuja kutoka katika mkojo wake ili wampe tena. Ikaisha kabla ugonjwa haujaisha, ukarudi kwa nguvu, na mwezi wa Machi akafariki. Mwaka 1945 Fleming alipopewa Tuzo ya Nobel, alionya kwamba anayetumia penisilini pungufu huwafundisha bakteria kuishinda. Madaktari wakatengeneza dawa nyingine, methisilini, iliyoanza kutumika mwaka 1959. Kufikia 1961 stafilokokasi anayeishinda hiyo nayo alikwisha kuonekana Uingereza.

4. WALIYOYAONA MADAKTARI WA KANDA YETU

Mtu asidhani kwamba haya ni ya Ulaya tu. Katika hospitali ya Bugando, Mwanza, madaktari walifuatilia wagonjwa 250 waliofanyiwa upasuaji, na habari zao zikachapishwa mwaka 2011. Wagonjwa 65 kati yao, yaani 26 kwa kila 100, walipata uambukizo kwenye kidonda. Stafilokokasi ndiye aliyeonekana mara nyingi kuliko wengine, na kati ya 16 waliopatikana, 3 walikuwa wale sugu wasioogopa methisilini.

Huko Dar es Salaam, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, madaktari waliona wagonjwa wa kisukari wakija na mikono iliyovimba na kuoza. Wengi walianza na jambo dogo: kuumwa na mdudu, kuchomwa na kitu, mkwaruzo. Walichelewa kuja hospitali. Wengine walikatwa vidole au mkono, na wengine walikufa. Hali hiyo ilikuwa imekwisha kuandikwa Nigeria mwaka 1984. Basi mwenye kisukari asihesabu jeraha lolote la mkono kuwa dogo. Na mtu ambaye vidonda vyake haviponi, ambaye ana kiu nyingi na anakojoa mara kwa mara, aombe kupimwa sukari.

Kwa dunia nzima, wataalamu walikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu. Afrika yetu kusini mwa Sahara ndiyo iliyopigwa zaidi.

5. TUFANYE NINI NYUMBANI?

Unapojeruhiwa, osha mara moja kwa sabuni na maji safi yanayotiririka, kwa dakika kadhaa, hata kama inauma. Maji ya ziwa yachemshwe au yatiwe dawa kwanza. Tunajua jinsi kipindupindu kilivyotutesa mwambao huu. Toa mwiba wote kama unaonekana. Vua pete kabla kidole hakijavimba. Funika kwa kitambaa safi kilichopigwa pasi au kukauka juani, na ubadilishe kila siku. Kama jeraha ni la kina au limeingia udongo, muulize mganga kuhusu chanjo ya pepopunda.

Kidole kikianza kuuma kando ya kucha na usaha haujaonekana, kiloweke katika maji ya vuguvugu kwa dakika 15, mara tatu au nne kwa siku. Maji yasiwe ya kuunguza. Ukipumzika, weka mkono juu ya mto, uwe juu kuliko moyo. Kama kwa siku moja au mbili hakuna nafuu, nenda kituo cha afya.

Mambo ya kuacha: Usikate kwa wembe wa nyumbani wala usikamue. Usipake kinyesi cha ng'ombe, majivu, mafuta ya taa wala maji ya betri. Usifungue kidonge cha rangi mbili na kumwaga unga wake juu ya kidonda. Unga huo hausafishi, na unawazoesha bakteria dawa. Usimpe jirani vidonge vilivyobaki, wala usiweke akiba ya "ugonjwa ujao".

Ukipewa dawa na mganga, meza kwa saa alizosema na kwa siku alizosema, si pungufu na si zaidi. Ukiona haikufai baada ya siku mbili, usijibadilishie mwenyewe: rudi kwake. Huenda usaha unahitaji kutolewa. Huenda ukahitaji kupelekwa hospitali ambako usaha utapimwa ili ijulikane ni dawa gani bakteria huyo bado anaiogopa. Maana bakteria sugu hakosi dawa kabisa. Mara nyingi zipo dawa, nyingine za zamani, zinazomweza, lakini ni lazima achaguliwe ile inayomfaa.

Na tuwalinde wengine. Katika nyumba za kubanana ugonjwa huu hupita kwa taulo, wembe, shuka na mikono. Kila mtu awe na taulo lake. Mwenye kidole chenye usaha asipike chakula cha watu wala asigawe ndagala, hata kanisani siku ya sherehe. Stafilokokasi akiingia katika chakula huacha sumu ambayo hata moto wa jikoni hauiondoi, na watu hutapika kwa wingi.

6. DALILI ZA KUKIMBIA HOSPITALI SIKU HIYO HIYO

- Kidole chote kimevimba, kimejikunja, na ukikinyoosha maumivu ni makali.
- Maumivu yanashuka kiganjani au kifundoni.
- Mstari mwekundu au mweusi unapanda mkono, au kuna tezi kwapani.
- Homa, kutetemeka, au mtu kuchanganyikiwa.
- Ngozi inageuka nyeusi, inatoa malengelenge au harufu mbaya.
- Jeraha ni la meno, ya mtu au ya mnyama, au limeingia katika kiungo.
- Mgonjwa ana kisukari, upungufu wa kinga, au ni mtoto mchanga.

Ukiona mojawapo, usingoje soko la kesho wala mshahara wa mwisho wa mwezi. Kidole ambacho leo kinaweza kuokolewa kwa kupasuliwa kidogo, keshokutwa kinaweza kuhitaji kukatwa.

7. IMANI NA DAWA

Wako wanaouliza: je, kwenda hospitali si kukosa imani? Tumwangalie Mfalme Hezekia. Aliugua karibu kufa, akaomba kwa machozi, na Mungu akamwahidi miaka 15 zaidi. Ahadi ilikwisha kutolewa, na bado Isaya aliagiza andazi la tini liwekwe juu ya jipu. Nabii aliyeleta neno la Mungu hakuona haya kuagiza dawa. Maombi na tiba vilikaa katika chumba kimoja.

Tumwangalie na Naamani. Aliambiwa ajichovye Yordani mara saba. Kwanza alikasirika, kwa kuwa jambo lilionekana rahisi mno. Watumishi wake wakambembeleza, akatii. Biblia inasema aliponywa baada ya kutimiza mara saba kama alivyoambiwa. Hakuishia ya tatu kwa kuwa amechoka, wala hakuongeza ya nane kwa kuwa ana bidii. Hivyo ndivyo tunavyopaswa kutumia dawa.

Na tukumbuke wale watumishi. Bila wao Naamani angerudi nyumbani na ukoma wake. Mara nyingi mtu wa kwetu hakosi akili ya kwenda hospitali. Anakosa nauli, au anaogopa kwamba siku mbili za mkono uliofungwa ni siku mbili za njaa kwa watoto. Hapo ndipo kanisa linapohitajika. Kikundi kinaweza kuchanga nauli. Vijana wanaweza kumlimia matuta yake. Mama mmoja anaweza kumfulia mwenzake mpaka kidonda kikauke. Mzee wa kanisa anaweza kwenda naye kituoni ili asirudishwe nyuma na woga. Yesu alimwambia yule mtu anyooshe mkono wake mbele ya watu wote. Na sisi tuuone mkono wa ndugu yetu mapema, kabla haujapooza.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika nyumba yenu, mtu akichomwa na mwiba, ni jambo gani hufanywa kwanza? Je, linasafisha au linachafua?
2. Je, kuna vidonge vilivyobaki nyumbani? Mtavifanyia nini? (Ni vizuri kuvirudisha kituo cha afya.)
3. Taja sababu tatu zinazofanya kidole kisisikie dawa.
4. Naamani alisaidiwa na watumishi wake. Katika kikundi chetu, nani ana kidonda leo, na tutambebea mzigo gani wiki hii?

TUOMBE

Bwana Mungu, umetupa mikono tukalima katika nchi ambazo hatukuzaliwa. Ibariki kazi yake. Wape hekima waganga wetu, na utupe sisi utii wa kutimiza tuliyoagizwa. Wakumbuke wote ambao usiku huu hawalali kwa maumivu ya mkono, na utufanye tuwe jirani zao wa kweli. Katika jina la Yesu. Amina.